Jiwe Kavu na Swali la Mpwa Wangu

Sisi mafundi wa kisiwa cha Ibo, Msumbiji, tukilitengeneza jiwe la matumbawe, tunaitoa bahari iliyomo ndani yake. Jiwe huachwa nje kaskazi nzima, mvua ilioshe chumvi, maana chumvi ikibaki ukuta hutoka unyevu na lipu hubanduka. Mpwa wangu aliyeko Muscat anafanya kinyume. Amenunua mawe makavu ya tangi la samaki, akayaloweka katika maji ya chumvi, gizani, pampu ndogo ikizungusha maji. Akanipigia simu: “Mjomba, jiwe lililokufa hufufuka?”

Kwanza, aliyekufa ni nani? Tumbawe ni mnyama mdogo, laini, anayechota chokaa katika maji ya bahari na kujijengea. Akifa, wengine hujenga juu yake. Jiwe ni nyumba. Aliyekufa ni mwenyeji. Tena Suratul Israa inatufundisha kwamba vitu vyote humtukuza Mola kwa namna tusiyoielewa. Basi sithubutu kuliita jiwe lolote maiti, la ukutani wala la tangini.

Kilichonishika zaidi ni alichonieleza baadaye. Katika vitundu vya mawe yale mna mabaki ya viumbe vya zamani. Yakilowana huoza, yakatoa amonia, sumu ya kuua samaki. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili zaidi. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Yaani uozo ule ule ndio riziki ya wanaotangulia kuingia! Miaka yote nimemwomba Mungu aniepushe na mauti, wala sikuwahi kufikiri kwamba huyafanya pia kuwa chakula cha wengine.

Mpwa wangu anashikilia kuwa yeye ndiye aliyeleta uhai, kwa sababu bakteria aliwanunua katika chupa. Nakataa. Alichonunua kilikuwa hai tayari. Yeye amepima chumvi, amezuia mwanga ili mwani usitambae, amesubiri. Si kazi ndogo, na naamini ina thawabu. Lakini kuandaa si kuumba, na kufufua kuna Mwenyewe.

Huku kwetu hakuna anayeloweka. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, na matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakageuka meupe, yakafa. Mawe yake yalibaki, na palipokuwa imara, vitoto vya matumbawe vilivyochukuliwa na mkondo vikatua juu yake. Ndiyo maana siafiki tena kung'oa tumbawe baharini kwa ujenzi, hata lililokufa. Magofu yamejaa kisiwani tangu makao makuu ya utawala yalipohamia Porto Amélia, mji wa Pemba wa leo, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyebomolewa nyumba na kimbunga Kenneth mwaka 2019 aombe ruhusa kwa wenyewe, achukue humo. Lile la chini ya maji, liwe jeupe namna gani, lina mwenyeji aliyeko njiani, na mimi sina haki ya kumvunjia nyumba kabla hajafika.