Kwa Mjukuu Wangu Anayerusha Ndege Mezani

Mjukuu wangu,

Juzi ulinipigia simu kutoka Msambweni usiku, nikasikia pumzi zako kabla hujasema neno. Ndege yako ya kwenye laptopu imekwama tena. Ulikuwa umeondoka uwanja wa Moi, umeuvuka mlango wa Likoni, Tiwi umeipita, na mdomo wa mto Mwachema pale Kongo uko chini yako. Uwanja wa Ukunda ukawa mbele. Basi pale pale ulipoinua pua ili magurudumu yaguse lami, picha ikasimama tuli. Iliporudi, ndege ilikuwa imelala ubavu kwenye majani. Ukaniuliza, "Babu, ninunue ramu ya ngapi?"

Sikukujibu usiku ule. Nilitaka nikae barazani, niandike taratibu, kwa sababu swali hilo niliwahi kulijibu mbio na jibu langu likamuumiza mtu.

Ilikuwa mwaka 2011. Nilikuwa na kibanda changu Ukunda, nikitengeneza redio na kompyuta. Alikuja kijana wa Gazi, mashine yake nzito, mkononi ana pesa za nazi alizoangua mwezi mzima. Mashine sikuifungua, wala sikumuuliza inafanya nini inapokwama. Nilimuuzia ramu, yaani kumbukumbu, ya gigabaiti 4 juu ya zile 2 alizokuwa nazo, nikaipachika, akaenda zake ana furaha. Siku ya tatu alirudi, uso umemshuka. Windows yake ilikuwa ya biti 32, na ile ya biti 32 hata uirundikie kumbukumbu vipi, haivuki gigabaiti 4, na mara nyingi huzitumia 3 na kidogo tu. Jasho lake la mwezi lilikuwa limeingia mahali pasipofikiwa. Nilimrudishia nilichoweza. Mpaka leo gari likipita Gazi huikumbuka ile sura yake.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitu, itazame mashine yako ikifanya kazi. Washa programu ya ndege, uiweke kwenye dirisha dogo badala ya kujaza kioo kizima, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona orodha ya kila kinachokula nguvu, na juu yake asilimia za prosesa, kumbukumbu na diski. Ruka njia moja tu, ile ile kila siku: Ukunda, ufuate pwani, Msambweni, Shimoni, uzunguke Wasini na urudi. Hali ya hewa iwe ile ile na saa iwe ile ile. Leo ukiruka angani kweupe na kesho ukaruka kwenye mawingu ya masika, hujapima kitu. Andika kwenye daftari fremu, yaani picha, ngapi kwa sekunde umepata ukiwa juu ya bahari, na ngapi ukikaribia kutua.

Nikueleze unachokitafuta. Kumbukumbu ni kama mkeka wa kuanikia mpunga. Diski ndiyo ghala. Mkeka ukiwa mdogo, utaanika kidogo, urudishe ghalani, utoe mwingine, na kutwa nzima itaishia njiani. Ukiona kumbukumbu imefika asilimia 90 na kitu, na diski nayo inahangaika bila kupumzika, hapo mkeka ni mdogo kweli, na kuongeza kumbukumbu kutakufaa. Lakini kama kumbukumbu iko asilimia 60 na picha bado inakatika, mkeka unatosha, usiupanue. Lile faili la akiba ambalo Windows huliweka kwenye diski usilizime, hata ukiambiwa kulizima kunaongeza kasi. Iachie mashine yenyewe ilipange.

Prosesa ina mambo yake, na hapo ndipo vijana wengi hupotea. Muuzaji atakuambia hii ina viini vinne, hii ina vinane, nawe utahesabu kama unahesabu mabaharia. Lakini jahazi lina usukani mmoja. Programu za ndege, hasa za zamani, hubebesha sehemu kubwa ya kazi kiini kimoja: mbawa, injini, upepo na mpangilio wa picha. Vingine husaidia kushusha mizigo, ila usukani haviushiki vyote. Ndiyo maana waweza kuona prosesa yako inasema asilimia 30 na ndege bado inajikokota. Bofya kwenye mchoro wa prosesa, uchague kuona kila kiini peke yake, na utakikuta kimoja kimechoka kabisa na wenzake wamekaa. Mashine ya namna hiyo huponywa na kasi ya kiini, zile gigahezi. Wingi wa viini hauisaidii sana.

Umeniambia pia umeambiwa uandike AffinityMask 14 kwenye faili la mipangilio ya ile Flight Simulator X ya mwaka 2006. Je, unajua 14 inatoka wapi? Kila kiini kina namba yake: cha kwanza 1, cha pili 2, cha tatu 4, cha nne 8. Jumlisha 2, 4 na 8 upate 14. Maana yake unaiambia programu itumie vitatu vya mwisho na kile cha kwanza uiachie Windows. Kwenye mashine ya viini vinne ina maana, na watu wengine iliwafaa. Laptopu yako ina viini viwili. Dawa aliyoandikiwa jirani unainywa wewe, na ugonjwa wenu si mmoja. Lifute hilo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo lako, nalo sijalisoma kwenye kitabu. Nimelijua kwa bisibisi. Mwezi wa Machi, kaskazi inapokaribia kufa na kusi haijaanza, hewa ya pwani yetu husimama kama maji ya kisima. Ndani ya nyumba ya mabati mchana huo hata binadamu hapumui vizuri, seuze prosesa. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Haikuambii. Inapunguza tu, picha inaganda, ikipoa kidogo inapandisha tena. Na wakati gani inachemka zaidi? Ni pale unapotua, kwa sababu majumba, miti na uwanja vyote vimekuja mbele yako kwa pamoja.

Mwaka jana nilifungua laptopu kama yako, ya mtumba kutoka Dubai, iliyokaa miaka miwili karibu na ufuo Diani. Skrubu za chini zilikuwa na kutu ya chumvi, mbili zilikatika vichwa. Feni ilizunguka, lakini nyuma yake, kwenye yale mapezi ya shaba ambamo hewa hupita, palikuwa na blanketi. Vumbi, nyuzi za nguo na unyevu wa bahari vimeshikana, rangi ya majivu, nene kama ganda la karanga. Nililing'oa kwa kibano likatoka kipande kimoja, umbo la mapezi limebaki limechorwa juu yake. Ile pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na shaba ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani. Nikasafisha kwa spiriti, nikatia pesti mpya tone moja la ukubwa wa punje ya mchele, nikafunga. Sikubadilisha kingine chochote. Mwenyewe alidhani nimemwekea prosesa nyingine.

Baada ya kusafisha, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows. Wengi watakuambia uiweke kwenye nguvu kamili, na kwa mashine iliyo sehemu yenye ubaridi, Nairobi kwa mfano, ni sawa. Kwako jaribu kinyume: kiwango cha juu cha prosesa kiweke 99 badala ya 100. Kwenye laptopu nyingi, hiyo asilimia moja huzima ile nguvu ya ziada inayopandisha kasi kwa muda na kuleta joto kali. Utapoteza kasi kidogo na utapata utulivu. Fremu 25 zisizoyumba ni bora kuliko 45 zinazoanguka hadi 8 ukiwa futi 50 juu ya lami. Pima njia zote mbili kwa safari yetu ya Wasini, daftari ndilo litakaloamua. Na ruka ukiwa umechomeka waya. Laptopu ikiwa kwenye betri hujibana, na stima ikikatika katikati ya safari utadhani umeharibu mipangilio kumbe ni betri tu.

Ukikuta kweli kumbukumbu haitoshi, usichukue kijiti kimoja kikubwa. Laptopu yako haina kadi ya picha ya peke yake. Picha inachotwa kutoka kumbukumbu ile ile. Vijiti viwili vya gigabaiti 4 vilivyo sawa hufungua njia mbili, na kwa mashine ya namna yako hilo huonekana kwa macho kuliko kijiti kimoja cha 8. Hakikisha kwanza Windows ni ya biti 64. Kijiti kikigoma, usikikasirikie: toa, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pachika tena. Ile ya kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko alivyoipanga aliyeitengeneza, kwenye laptopu na kwenye joto letu, nakukataza.

Mwisho punguza vitu ndani ya programu yenyewe. Magari barabarani, ndege za wengine, vivuli, mawingu mazito na idadi ya majengo huelemea prosesa au sehemu yake ya picha. Ukali wa rangi za ardhi hula kumbukumbu. Fremu zifungie 30. Punguza kimoja, ruka, andika, ndipo uende kingine. Ukipunguza vitano kwa siku moja hutajua kipi kilikusaidia. Na ukitumia ile programu nyingine ya ndege, X-Plane, jua kwamba fremu zikishuka chini ya 20 hivi, programu huanza kupunguza mwendo wa wakati wenyewe. Sekunde yako inakuwa ndefu kuliko sekunde ya kweli. Utajizoeza kutua polepole kuliko ndege inavyotua, na mkono ukishazoea uongo ni kazi kuufundisha upya.

Hilo linanihangaisha kuliko picha nzuri, kwa sababu najua unakotaka kufika. Saa unazoruka mezani hazitaingia kwenye daftari la rubani. Leseni ya ndege ndogo hudai saa 40 hivi, nayo ya biashara hudai saa nyingi zaidi ya hizo, na za kwenye laptopu ya nyumbani hazihesabiwi. Lakini usizidharau. Edwin Link, yule Mmarekani aliyetengeneza mashine ya kwanza iliyosambaa ya kujifunzia urubani mwaka 1929, baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vikubwa vya kumbi za sinema, na kijana alichukua mivukuto ya vinanda hivyo akaifanya iyumbishe kiti cha rubani. Alitumia kilichokuwa ndani ya karakana ya kwao. Na programu ya kwanza ya ndege ya Bruce Artwick, mwaka 1980, iliruka kwenye kompyuta yenye kilobaiti 16 za kumbukumbu, mistari mitupu juu ya kioo. Wewe una gigabaiti, na una mashine inayokuonyesha bahari ya Shimoni.

Kwa hiyo pesa ulizoweka usiziguse. Jumamosi panda matatu uje Ukunda asubuhi kabla jua halijakolea, na mashine yako, chaja, na brashi laini ya rangi ambayo haijatumika. Spiriti na pesti ninazo. Tutaifungua mezani kwangu, skrubu tuzipange kwenye kisahani kwa mpangilio zilivyotoka. Ikishafungwa, utaondoka Moi, utateremka kusini na bahari mkono wako wa kushoto, nami nitakaa pembeni na daftari nikuandikie namba.