Msanii Asiyejulikana

Ukitia CD ya muziki kwenye kompyuta ukaifungua, utaona faili zimejipanga: Track01.cda, Track02.cda, na kuendelea. Watu wengi huzinakili, wakaziweka kwenye flashi, wakashangaa jinsi kazi ilivyoisha haraka. Kisha wanatoa diski, wanabonyeza wimbo, kimya. Kila faili hapo ina baiti 44 tu. Haina wimbo ndani. Ina maelekezo ya mahali wimbo unapoanzia kwenye diski na urefu wake. Ni kama mtu mwenye njaa amekuomba ugali, nawe ukampa njia ya kwenda hotelini.

Nimekuwa nikizifikiria hizo baiti 44 kwa sababu niko na sanduku la CD za marehemu baba, na mama anataka nyimbo hizo kwenye simu yake. Kazi yenyewe haina ugumu mkubwa. Laptopu za siku hizi hazina mahali pa kuingiza diski, lakini kisomaji cha nje cha kuchomeka kwa USB utakipata Luthuli Avenue. Programu za bure kama fre:ac au Exact Audio Copy husoma sauti yenyewe na kuihifadhi kama FLAC, ambayo haipunguzi kitu, ama MP3, ambayo hupunguza kidogo ili faili iwe nyepesi. Diski chafu unaipangusa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, sio kwa kuzungusha. Mkwaruzo wa upande wa chini mara nyingi unasameheka. Wa upande wa juu, wenye maandishi, ndio wa kuogopa, maana tabaka linalobeba muziki liko pale chini ya rangi tu.

Mpaka hapo ni ufundi. Shida inaanza kompyuta inapotaka kujua majina.

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, lakini diski nyingi hazijabeba jina la yeyote aliyeimba. Nafasi ya kuandika majina ipo, ila wachache waliitumia. Kwa hivyo programu huhesabu nyimbo, hupima urefu wake, kisha huenda kuuliza hazina ya intaneti kama MusicBrainz, ambayo hujazwa na watu wa kujitolea. Kama kuna mtu alikutangulia akaandika, majina yanakuja. Tia CD ya staa wa Marekani, utaletewa kila kitu, hadi picha ya jalada. Tia zile za baba, nyingi zinarudi na jibu moja: msanii hajulikani.

Hajulikani na nani? Kiswahili chetu kina vitenzi vya kutuficha. Ukisema kikombe kimevunjika, hakuna aliyekivunja. Ukisema msanii hajulikani, hakuna aliyeshindwa kumjua. Ni kama kutojulikana ni sifa yake, kama urefu au upara. Lakini huyo mtu ana mke, ama alikuwa naye. Kuna aliyempigia gita, yuko mahali anachunga mbuzi. Kuna mtaa mzima ulicheza nyimbo zake harusini. Asiyejua ni kompyuta. Na mimi.

Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Wewe skiza wimbo tu. Jina ni la nini?" Sio swali la kipuuzi. Nyimbo za kubembeleza watoto, za jandoni, za kuvuna, zimeishi vizazi na vizazi bila jina la mtunzi, na hakuna aliyeona zimepungukiwa. Lakini hizo zilikuwa za wote, na hakuna aliyeziuza. CD iliuzwa. Pesa ikishaingia kwenye wimbo, jina linakuwa zaidi ya pambo. Ndilo linaloonyesha nani anadai. Angalia "Malaika". Fadhili William aliurekodi miaka ya 1960, wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania, na Miriam Makeba na Boney M wakaubeba duniani kote. Mabishano juu ya nani aliutunga hayajaisha hadi leo, na hayahusu sifa peke yake. Yanahusu nani alistahili kula.

Sasa nifike pale pagumu. Nyingi za CD za baba hazikutoka kwa msanii yeyote. Zilichomwa kwenye kompyuta ya mtu fulani zikauzwa kando ya barabara kwa sh50, na jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "Benga Mix 3". Na hizo ndizo zinazokufa mapema. Diski ya kiwandani hugongwa alama zake kwenye plastiki, lakini ya kuchomwa huandikwa kwenye rangi, nayo rangi hufifia kwa joto na jua. Kwa hivyo ninachokimbilia kuokoa, kwa sehemu kubwa, ni mali iliyoibwa. Je, ninaokoa, ama ninaendeleza wizi kwa vifaa bora zaidi?

Kuna jibu rahisi la kila upande. La kwanza: wizi ni wizi, tupa. Lakini nikizitupa, aliyeibiwa hapati hata ndururu, na huenda nimefuta nakala ya mwisho ya sauti yake. La pili: mambo ya kale hayo, kila mtu alikuwa anazinunua. Hilo nalo silikubali. Baba aliwapenda wale wanamuziki kwa dhati, na akamlipa mtu mwingine. Yote mawili ni kweli, na la kwanza halifuti la pili.

Mwongozo nimeupata mahali ambapo sikutarajia. Kwenye mazishi mengi ya kwetu kuna wakati mtu wa familia husimama akauliza: marehemu alikuwa na deni la yeyote hapa? Anayedai ajitokeze. Tulimzika baba hivyo, na wawili walijitokeza, tukamalizana. Wanamuziki hawakuwepo. Hakuna aliyewaita, na hata tungetaka kuwaita, tungewaita kina nani? Dawa ya deni ni kulipa, lakini deni lisilo na jina halilipiki. Na kudai hakufi na mtunzi: sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inalinda utunzi wa muziki kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Kuna watoto na wajukuu huko nje ambao bado wanadai.

Inawezekana kufanya hili vizuri. Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu, alifariki mwaka 2018. Mjukuu wake, mwanamuziki anayejiita KMRU, amezitoa upya kazi za babu kwenye Bandcamp, kwa jina la babu, mahali unapoweza kuzilipia. Hapo nikinunua, najua pesa inaelekea wapi. Wengi kwenye sanduku la baba hawana mjukuu wa namna hiyo.

Kwa hivyo nimejiwekea utaratibu. Hakuna nakala inayotoka kwangu kwenda kwa marafiki bila jina. Wimbo ukiwa unauzwa mahali halali, naununua, hata kama tayari niko nao. Na pale kompyuta inapoandika kwamba msanii hajulikani, nafuta, naandika "bado sijamjua", kisha naongeza ninachokijua: lugha, mji ambao baba alinunua, maneno aliyoandika juu ya diski. Ni sentensi ndefu kwa kisanduku kile kidogo, lakini angalau inasema kazi imebaki kwa nani.

Mama ananisaidia. Anatambua sauti kabla ya ubeti wa kwanza kuisha. Kufikia sasa tumepata majina manne ambayo intaneti haikuwa nayo, na nimeyaandika MusicBrainz ili mwingine asiambiwe hayupo. La tano mama analijua nusu: "Kijana wa Bungoma, alikuwa na pengo." Shangazi amesema atauliza kwa watu wa kule.