Mukimu na Musafiri: Maneno juu ya Kodi ya Mapato kwa Mwenye Tajiri wa Ng'ambo

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ajuaye ya siri na ya dhahiri; na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake.

Ama baada ya haya. Kabla ya uhuru wa mwaka 1961, watu wa Rungwe na Mbeya walikuwa wakitoka makwao kwa maelfu kwenda kuchimba shaba Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na dhahabu Afrika ya Kusini. Wengi wao walisukumwa na haja ya kupata fedha za kodi ya kichwa. Mwili ulivuka mpaka, na ujira ukarudi nyumbani mfukoni.

Leo mambo yamepinduka. Kijana wa Tanga au wa Kilwa hukaa Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, akaandika hesabu za kampuni ya Maskati au ya London kwa njia ya intaneti. Mwili haukuondoka, iliyovuka mpaka ni kazi. Tajiri wake hamkati kodi ya Tanzania, kwani hayumo nchini. Na serikali ya huko haimjui, kwani yeye si mkaazi wa huko. Hapo ndipo nafsi humnong'oneza: "Wewe huna nchi, wala hudaiwi na mtu."

Mwenye kusoma fikihi hafai kudanganyika na maneno haya. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, musafiri akinuia kukaa mji siku nne kamili, pasi na kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, amekuwa mukimu, na ruhusa ya kupunguza sala imemwondokea. Anayengoja haja yake kila siku, akitaraji kuipata na kuondoka, hupunguza mpaka siku 18. Na kwa Ijumaa haitoshi hata ukimu: wale arubaini sharti wawe wenye kuufanya mji kuwa maskani yao, wasioondoka masika wala kiangazi ila kwa haja. Katika yote hayo mtu huulizwa ni wapi alipo, na kwa siku ngapi, na kwa nia gani. Haulizwi tajiri wake akaa wapi.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina mwendo wa namna hiyo, ingawa hesabu yake ni nyingine. Mkaazi ni mwenye makao ya kudumu Tanzania, akawapo nchini sehemu yoyote ya mwaka. Au aliyekaa siku 183 au zaidi katika mwaka. Au aliyekuwapo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Mwenye maskani yake nchini hutozwa kwa pato lake lote, la ndani na la ng'ambo; asiye mkaazi hutozwa kwa lile lenye asili yake Tanzania. Na asili ya ujira ni pale kazi ilipofanywa. Basi anayeifanya kazi Mbeya, pato lake ni la Mbeya, hata fedha zikitoka Maskati. Na kwa kuwa hapana wa kumkatia, ni juu yake mwenyewe kujiandikisha kwa Mamlaka ya Mapato, na kupeleka hesabu ya mwaka uliokwisha kabla ya Juni 30 kupita. Shilingi 270,000 za kila mwezi hazitozwi. Zilizo juu yake hutozwa kwa vyeo, kuanzia asilimia 8 mpaka 30.

Wako wanaokhofu kutozwa mara mbili, na khofu yao ina sababu. Mtu wa Iringa huenda Lusaka miezi kadhaa, akakatwa kodi huko, kisha akaulizwa tena nyumbani. Sheria imeliona jambo hili: kodi aliyolipa mkaazi ng'ambo hupunguzwa katika kodi ya hapa juu ya pato lile lile, bila kuzidi kodi ya hapa. Na Zambia ni miongoni mwa nchi zilizofunga na Tanzania mkataba wa kuzuia kutoza mara mbili. Lakini sharti awe na hati za malipo, na awe amelitaja pato lenyewe. Aliyeficha hana cha kupunguziwa.

Limebaki neno zito. Watu husema kodi ni maksi, na maksi imelaaniwa. Basi kuikwepa si dhambi. Ni kweli kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ameikemea dhulma ya watozaji, na kwamba wanavyuoni wamewabana watawala. Imamu Ghazali aliruhusu kuwatoza matajiri pale hazina ilipo tupu na haja ni ya watu wote. Na imepokewa kuwa Imamu Nawawi alikataa kumwidhinishia Sultani Baybars kuwatoza raia, ilhali watumwa wa jumba lake wamevaa dhahabu. Lakini itazamwe namna alivyokataa: alisema kweli mbele ya uso wa Sultani, akavumilia ghadhabu yake. Hakughushi daftari. Anayeiona kodi kuwa ni dhulma na aseme hadharani, na atumie rufaa na kura; ulimi wa kweli haujafungwa.

Ama ile karatasi, mwenye kuitia sahihi anakiri kuwa yaliyomo ni ya kweli na yametimia. Huo ni ushahidi, na Mtume ameuhesabu ushahidi wa uwongo katika madhambi makubwa kabisa. Kiasi cha kodi chaweza kubishaniwa na wanavyuoni. Uwongo hauna wa kuutetea.

Wala asidhani mtu kuwa kodi imemtolea zakati. Zakati ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratut-Tawba, na Ibn Hajar al-Haytami amewapinga vikali wanaotia nia ya zakati katika maksi. Kila deni na lilipwe kwa mwenyewe.

Na afisa wa kodi naye akumbuke yule mtumishi aliyetumwa kukusanya sadaka, akarudi akisema hiki chenu na hiki nimepewa zawadi, akakemewa juu ya mimbari mbele ya watu.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu riziki ya halali, na ndimi za kweli, mijini mwao na safarini mwao. Amin. Wallahu aalam.