Huyu ni Nani Kwako?



Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Ilembo alinijia baada ya ibada, akanivuta kando chini ya mwembe. Ana mchumba huko Burundi. Walijuana binti huyo alipokuja kuwasalimu jamaa zake Katumba, na sasa kijana ataka kwenda kumwona, awaamkie na wazazi wake, kabla wazee hawajaanza kuzungumza habari za mahari. Akaniuliza, "Mzee, nikifika mpakani na afisa akauliza nakwenda kufanya nini, niseme biashara? Wenzangu wananiambia neno mchumba huleta maswali mengi."

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia arudi juma lijalo. Sababu ya kusita kwangu nitaieleza, maana yanihusu mimi mwenyewe kuliko yeye.

Swali lake si la mtu mmoja. Sisi wa Mpanda tuna ndugu kila upande. Wazee wengi tunaoketi nao kanisani walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakikimbia mauaji, wakapewa ardhi Katumba na baadaye Mishamo, wakalima na kuzaa watoto. Zaidi ya watu 160,000 miongoni mwa wakimbizi hao wa mwaka 1972 na watoto wao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vyao vya uraia vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kijana wangu ni mtoto wa wazazi kama hao. Ana hati zake zote, lakini anaogopa kwamba akisema ana mchumba na jamaa ng'ambo, afisa atalitazama jina lake mara mbili na kumwuliza yeye ni wa wapi hasa. Wengine kati yetu wana watu wao Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wengine wana wachumba Nairobi, na wako wenye waume na wake Uingereza na Marekani. Wote hawa siku moja watasimama mbele ya dirisha dogo na kuulizwa: unakwenda kwa nani?

Nami niliwahi kuulizwa. Ilikuwa miaka mingi iliyopita, kabla sijaoa. Nilikuwa nikienda kumwona msichana ambaye leo ni mama wa watoto wangu. Wazazi wake walikuwa wamehamia ng'ambo ya mpaka. Mpaka wenyewe sitautaja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Ndani ya basi abiria walinifundisha, "Usiseme mchumba. Watadhani wahamia. Watakupa siku tatu, au watakurudisha." Basi nilipoulizwa nakwenda kwa nani, nikajibu, "Kwa dada yangu."

Afisa akauliza, "Baba mmoja, mama mmoja?" Nikasema ndiyo. "Baba yenu aitwa nani?" Nikataja jina la baba yangu.

Msichana mwenyewe alikuwa upande wa pili wa kizuizi, akinisubiri tangu asubuhi. Askari alitumwa kumwuliza anamngoja nani, naye akajibu kwa furaha kwamba anamngoja mchumba wake. Wakamwita ndani. Tangu hapo maswali hayakuwa yangu tena, yalikuwa yake. Huyu akuita dada, wewe wamwita mchumba. Mwongo ni nani kati yenu? Yeye akanitazama ili nimjibie. Mimi nikatazama chini.

Tulikaa pale hata basi la mwisho likaondoka. Usiku uliingia, na baba yake akaja kumtafuta binti yake kituoni kama mtu aliyekamatwa. Mwishowe yule afisa, mtu mzima mwenye mvi, akanipigia muhuri na kuniambia, "Kijana, kuchumbia si kosa. Ungesema kweli ningekuruhusu tangu saa nne." Njiani msichana hakusema neno. Tulipokaribia kwao ndipo aliponiambia, "Kumbe mbele ya watu mimi si mtu kwako."

Nilijitetea moyoni kwa muda mrefu. Nilisema kwamba katika kanisa sisi sote ni ndugu, hivyo kila msichana ni dada yangu, na neno langu la kwanza lilikuwa kweli. Lakini neno hilo la kwanza ndilo lililozaa la pili, ambalo lilikuwa uongo mtupu.

Baadaye, nikisoma kitabu cha Mwanzo, nilikuta kwamba kuna mwingine aliyenitangulia. Ibrahimu, wakati bado akiitwa Abramu, alishuka Misri kwa sababu ya njaa. Alipokaribia kuingia alimwomba mkewe aseme kwamba yeye ni dada yake, maana aliogopa kuuawa kwa ajili ya uzuri wake. Katika sura ya 20 alilirudia jambo lile lile huko Gerari, kwa mfalme Abimeleki. Tena alikuwa na utetezi: Sara alikuwa binti ya baba yake, ingawa si wa mama yake. Kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa na nusu ya ukweli ndani yake.

Wakristo wa zamani walibishana sana juu ya habari hiyo. Agostino, Mwafrika mwenzetu, aliyekuwa askofu wa Hipo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, cha kwanza yapata mwaka 395 na cha pili yapata mwaka 420. Alikuwa mkali, akikataa kila uongo hata ule wa kumsaidia mtu. Lakini Ibrahimu alimtetea, akisema kwamba hakunena uongo, alificha tu sehemu ya kweli.

Kwa heshima zote kwa mwalimu huyo mkubwa, mimi siwezi kuutumia utetezi huo kwa ajili yangu. Kuficha ni kweli kwaweza kuwa halali. Mwenye kuuza karanga sokoni halazimiki kumwambia mnunuzi yeye alizinunua kwa bei gani. Lakini akijaza mawe chini ya gunia na karanga safi juu, amedanganya, hata kama hakufungua kinywa. Tofauti ni nini? Wa kwanza amenyamaza. Wa pili ameandaa jambo ili mwenzake aamini lisilo kweli. Nami niliposema dada, nilitaka yule afisa aamini kwamba hatukuwa wachumba. Hilo ni gunia lenye mawe.

Basi tuzitazame sababu tunazojipa.

Ya kwanza ni kwamba uongo wa mpakani haumdhuru mtu. Tutazame tena habari ya Ibrahimu. Nani alilipa? Sarai alichukuliwa nyumbani kwa Farao, na nyumba ya Farao ikapigwa kwa mapigo. Aliyesema uongo alitoka na kondoo, ng'ombe na punda. Kwangu pia aliyelipa alikuwa mwanamke aliyekaa kizuizini hata usiku. Yuko na mwingine ambaye hatumwoni: ni yule atakayekuja kesho na habari ya kweli, akakuta afisa amekwisha danganywa mara nyingi kiasi kwamba hamwamini mtu. Maswali mengi tunayoyalalamikia, mengine tumeyapanda wenyewe.

Ya pili ni kwamba maofisa hawastahili kuambiwa kweli, maana ni wakali na wengine hutaka kitu kidogo. Sikatai kwamba wako wa namna hiyo. Lakini Ibrahimu naye alipoulizwa na Abimeleki kwa nini alifanya vile, alijibu kwamba alidhani hakuna hofu ya Mungu mahali pale. Alimhukumu kabla hajamwona, na kumbe Abimeleki alikuwa mtu mwenye moyo wa haki. Hata mimi yule mzee wa mvi nilikuwa nimemhukumu tangu ndani ya basi.

Ya tatu ni kwamba ukisema kweli watakukataza. Hapa yafaa tuijue sheria, maana woga mwingi hutokana na kutojua. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa itifaki hiyo raia wa nchi mwanachama aendaye kutembea katika nchi nyingine ya Jumuiya hahitaji viza, naye hupewa ruhusa ya kukaa kwa muda usiozidi miezi 6. Nchi yaweza kumzuia mtu kwa sababu za usalama, afya au utulivu wa umma. Kwenda kumwona mchumba si mojawapo ya sababu hizo. Biashara ndiyo ambayo ingeleta maswali: bidhaa ziko wapi, na ushuru umelipwa? Kijana anataka kuuficha ukweli usio na hatari nyuma ya uongo wenye hatari.

Kwa nchi za mbali mambo ni mazito zaidi. Viza ya kutembea ya Uingereza haimruhusu mtu kufunga ndoa huko. Iko viza nyingine kwa ajili hiyo. Marekani nayo ina viza ya mchumba, ambaye akiisha kuingia yampasa afunge ndoa ndani ya siku 90. Asemaye naenda kutazama mji, na moyoni anakwenda kuolewa na kukaa, anajiweka mahali pabaya. Uingereza, aliyetumia udanganyifu katika maombi yake aweza kukataliwa kwa miaka 10. Marekani aweza kuzuiwa maisha yake yote, asipopata msamaha maalumu. Nani basi atakayeteseka miaka hiyo yote? Ni yule yule mpenzi aliyefichwa.

Lakini mtu ataniuliza: je, hakuna wakati uongo husameheka? Mwaka 1797 Mjerumani mmoja mwenye hekima, Immanuel Kant, aliandika kwamba hata muuaji akikuuliza kama rafiki yako amejificha nyumbani mwako, hupaswi kumdanganya. Moyo wangu wakataa. Shifra na Pua waliwaokoa watoto wa Waebrania kwa jibu walilompa Farao, na Rahabu wa Yeriko aliwaficha wapelelezi juu ya dari. Na kama mmoja wa wazee wetu wa Katumba, akikimbia mwaka 1972 na mtoto mgongoni, alisema neno lisilo kweli kwa mtu mwenye silaha, mimi si wa kumhukumu. Ila tusiazime machozi yao. Aliyekuwa akiokoa roho ni mmoja, na aliyekuwa akiokoa usumbufu wa nusu saa ni mwingine. Mimi nilikuwa wa pili.

Kwa hiyo kijana aliporudi nilimwambia hivi. Jibu unachoulizwa, kwa kifupi. Ukiulizwa unakwenda kwa nani, sema kwa mchumba wangu, na taja jina lake. Beba barua ya baba yake ya kukukaribisha, na ujue nyumba yao iko wapi. Sema siku unazotaka kukaa, na zikitimia urudi. Huna wajibu wa kumweleza afisa siri za moyo wako, wala mlikutana vipi, kama hakuuliza. Akiuliza lisilomhusu, unaweza kumwambia kwa adabu kwamba hilo ni la faragha. Akitaka kitu kidogo, usimpe. Mwombe kuonana na mkubwa wake. Ukizuiwa kwa sababu ya kweli, rudi nyumbani; utakuwa umepoteza nauli, lakini hukumpoteza mtu.

Na ninyi, ndugu zetu mnaofanya kazi ya uhamiaji na polisi, ambao nanyi hukaa katika viti hivi siku za Jumapili, mna sehemu yenu. Msemaji wa kweli akiadhibiwa kwa ukweli wake, mnawafundisha walio nyuma yake katika foleni kusema uongo. Jina la mtu lisiwe shitaka. Mwenye cheti cha uraia ni raia, hata kama bibi yake alizaliwa ng'ambo. Yohana Mbatizaji hakuwaagiza watoza ushuru waache kazi, bali wasitoze zaidi ya walivyoamriwa.

Kijana atasafiri baada ya mavuno, apande basi kwenda Kigoma, kisha Manyovu, avuke hadi Mugina. Aliponiaga aliniuliza kama mama watoto wangu alinisamehe. Nikamwambia amwulize mwenyewe, maana alikuwa jikoni akitusikia. Yeye akatoka na chai, akasema, "Nilimsamehe siku alipokuja kwetu na wazee wake. Baba aliuliza mbele ya watu wote, huyu ni nani kwako? Safari hiyo alijibu."

Ndimi ndugu yenu, Ilembo.