Nani Alaumiwe?

Msichana wa miaka 16 akionekana ana mimba, sisi watu wa mtaa twajua upesi la kusema: "Hakulelewa vema." Neno hilo hutuondolea kazi ya kufikiri. Lakini yafaa tujiulize: mbona mimba hizi ni nyingi zaidi katika mitaa ya watu wanaokula leo walichouza jana, na ni chache penye mshahara wa kila mwezi? Je, Mungu amewapa matajiri mioyo safi kuliko maskini?

Tutazame hapa Kindu. Watu wengi wa Alunguli huvuka Lualaba kwa mtumbwi ili kuuza na kununua ng'ambo. Treni ya kutoka kusini ikikawia, bei ya chumvi na sabuni hupanda. Hapo mama humtuma binti yake auze mafuta ya mawese hata giza liingie, na karo ya sekondari bado haijalipwa. Ndipo hutokea mwanamume mwenye fedha. Alipa karo, anunua viatu, wala leo hadai kitu. Atadai kesho. Na wazazi wengine huviona viatu wasiulize vimetoka wapi.

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwetu mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba, katika wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Twasema kwamba mimba ndiyo iliyowaletea umaskini. Pengine ni kweli, maana shule hukatika. Lakini mwaka 1992 wataalamu wawili wa Marekani, Arline Geronimus na Sanders Korenman, walilinganisha ndugu wa kike wa nyumba moja, mmoja aliyezaa angali kijana na mwenzake aliyekawia kuzaa. Kumbe, hali zao za baadaye hazikupishana sana kama watu walivyodhani. Sehemu kubwa ya umaskini ilikuwamo nyumbani kabla ya mimba.

Basi, je, maskini hana hiari? La, hasha! Wako wasichana wengi waliolala na njaa wakakataa viatu vile. Kusema kwamba maskini hawezi kuchagua ni kumnyima utu wake. Lakini aliyeshiba hasifiwi kwa kutoiba muhogo. Binti wa nyumba yenye fedha hakushinda jaribu lile, halikumfikia. Kosa laweza kuwa moja, lakini mizigo si sawa, na mwenye haki hupima mizigo kwanza.

Tena, yule mwanamume yuko wapi? Katika Injili, waliomleta yule mwanamke mbele ya Yesu hawakumleta mwenzake. Sisi nasi twafanya vivyo hivyo: binti aondoka shuleni kwa aibu, na mwanamume twampa kiti cha mbele kwa kuwa ana fedha. Sheria ya jamaa iliyosahihishwa mwaka 2016 yakataza ndoa kabla ya miaka 18, nasi twapokea mahari usiku.

Ndugu, jioni hii mtoto akikuletea mafuta yake mlangoni, usimpunguzie bei kwa sababu giza limeingia na hana budi kuuza. Mlipe haki yake, umwambie aende nyumbani. Na aliyekwisha kuzaa, tumsaidie arudi darasani, tumpokee na mtoto wake. Tusipofanya hata hayo, tusiulize tena nani alaumiwe.