Je, Kutojua Kwa Mwalimu Ni Kosa?

Liko swali ambalo sisi walimu wa huku Bariadi tumelizungumza mara nyingi chini ya mwembe wa shule yetu, wala hatukulimaliza. Swali lenyewe ni hili: mtu akimdhuru mwenzake kwa sababu hakujua, je, ana kosa? Wengine kati yetu husema hana, maana kosa hukaa katika nia, naye hakunuia ubaya. Wengine husema dhara ni dhara, na aliyeumia haponi kwa kuambiwa kwamba aliyemwumiza hakukusudia. Tungaliendelea hivyo mpaka jua lichwe, kama jambo lenyewe lisingalitufika, nasi tukajikuta tumesimama mahali pa washtakiwa.

Palikuwa na mtoto wa kike wa darasa la tano, mwepesi wa hesabu na mwenye sauti nzuri ya kuimba. Jina lake hatutalitaja. Baada ya mavuno ya pamba tuliona amebadilika. Aliomba ruhusa ya kwenda nje mara tatu na mara nne katika asubuhi moja. Alikunywa maji kama ng'ombe wa Meatu wakati wa kiangazi. Alilala juu ya dawati, naye alikonda hata sare yake ikawa kama nguo iliyotundikwa mtini. Nasi tuliona nini? Tuliona uvivu. Ilikuwako sheria ya shule kwamba mtoto haendi nje zaidi ya mara moja kabla ya mapumziko, kwa kuwa wako wengi waitumiao ruhusa kwenda kucheza. Sheria ilikuwa moja kwa wote, na tulijisifu kwamba hatuna upendeleo. Siku moja mtoto huyu alinyimwa ruhusa, akajikojolea mbele ya wenzake, wakamcheka, kisha akachapwa kwa kuchafua darasa. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zasema kiboko hakitolewi ila kwa idhini ya mwalimu mkuu, wala visizidi vinne. Idhini haikuombwa. Twaandika haya kwa aibu.

Juma lile lile alianza kutapika na kuvuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima mbio, na kinywani mwake mlikuwa na harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Jirani mmoja alisema ni malaria. Mwingine akasema amerogwa, na fedha zikaanza kutafutwa kwa ajili ya mganga. Baba yake, mtu wa maneno machache, alimchukua kwa pikipiki mpaka hospitali mjini, akiwa hajitambui. Huko walipima tone moja la damu ya kidole, na kabla mzee hajamaliza kueleza safari yake, jibu lilikuwa limetoka. Mtoto ana kisukari.

Wengi wetu tulidhani kisukari ni ugonjwa wa wazee na wa watu wenye shibe. Kumbe cha watoto ni cha namna nyingine, nacho huitwa kisukari cha aina ya kwanza. Mwili wenyewe huziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na insulini ndiyo iifungulie sukari mlango itoke katika damu na kuingia mahali inapotumika. Mlango ukifungwa, sukari hujaa katika damu, na mwili hushinda na njaa katikati ya shibe. Figo huitoa sukari ile katika mkojo, sukari huvuta maji, na maji yakipotea kiu huja. Basi yale tuliyoyahesabu kuwa makosa mbalimbali, kwenda nje, kunywa maji, kulala darasani, yalikuwa jambo moja tu lililotuita kwa sauti nyingi. Ugonjwa huu hauletwi na peremende, wala hauambukizi, wala hautokani na jicho la jirani.

Kabla ya mwaka 1922 mtoto wa namna hii hakuwa na tumaini. Wazazi wake walimtazama akiisha. Mwezi wa Januari mwaka ule, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, kijana aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini iliyopatikana kwa kazi ya Banting, Best, Collip na Macleod. Akarudi kutoka ukingoni mwa kaburi, akaishi miaka 13 zaidi. Mwaka 1923 Banting, Best na Collip waliiuza haki ya ugunduzi huo kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mtu, wasitake kujitajirisha kwayo. Tangu hapo mtoto wa kisukari akifa, hafi kwa kukosekana dawa duniani, bali kwa lile linalosimama kati ya dawa na yeye. Hapa kwetu jambo hilo lilichunguzwa zamani: kati ya mwaka 1981 na 1987 Daktari McLarty na wenzake wa Muhimbili, Dar es Salaam, waliwafuatilia wagonjwa wa kisukari zaidi ya elfu moja, wakaona kwamba waliohitaji insulini walifariki kwa wingi kuliko wengine. Linalosimama katikati laweza kuwa umbali, au umaskini, au bei ya vijiti vya kupimia damu. Laweza pia kuwa mwalimu.

Mtoto alirudi shuleni baada ya majuma matatu, ameanza kunenepa. Baba yake alileta karatasi ya hospitali, imeandikwa kwa Kiswahili chepesi, yaeleza dalili za sukari kupanda na za sukari kushuka, na la kufanya. Tuliipokea kwa heshima, tukampa pole, tukaitia katika faili la mtoto, na faili tukalitia kabatini. Kabati likafungwa.

Katika swali letu la chini ya mwembe, twaamini kwamba hapa ndipo jibu lilipo. Kabla ya siku ile hatukujua ugonjwa, na kwa kutojua ugonjwa hatujihukumu sana, maana hatukufundishwa chuoni wala hatukuwahi kuuona. (Kuhusu kumchapa, hilo ni jambo jingine. Haikuhitajika elimu ya utabibu kumwuliza mtoto, "Mwanangu, una nini siku hizi?") Lakini toka siku ile karatasi ilipoingia kabatini, kutojua kwetu hakukuwa tena bahati mbaya. Tulikuwa tumekuchagua sisi wenyewe, kwa mikono yetu, na kwa ufunguo.

Haukupita mwezi. Asubuhi moja kuni zilikuwa zimelowa kwa mvua ya usiku, na uji wa shule ukachelewa. Mtoto alikuwa amedungwa insulini yake nyumbani alfajiri, kama ilivyo kawaida, akatembea mwendo mrefu, na chakula alichotakiwa kukipata katikati ya asubuhi hakikuja. Insulini haingoji kuni zikauke. Wakati wa kipindi cha tatu alianza kutetemeka na kutoka jasho jingi, akamjibu mwalimu maneno yasiyo na maana, akamsukuma mwenzake, kisha akaanguka magotini. Kiranja alipiga kelele kwamba ameshikwa na mashetani. Sisi tulisimama. Mmoja alisema aitwe baba yake, mwingine akatafuta ufunguo wa kabati. Aliyekuja mbio ni mama mpishi, mwenye mikono ya unga, ameshika kikombe. Alitia sukari vijiko vinne vya chai katika maji, akamwinua kichwa, akahakikisha kwamba aweza kumeza, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya robo saa mtoto alimtambua, akaomba radhi kwa wenzake. Kisha mama mpishi akampa michembe na karanga, ili sukari isishuke tena.

Tulimwuliza amejifunzia wapi. Akasema, "Walimu wangu, mamake alinieleza sokoni. Nilimwuliza tu." Mazungumzo yale, kwa hesabu yake, hayakuzidi muda wa kuchagua dagaa.

Lakini tusiwadharau wanaosita. Mwalimu mmoja wetu, mtu mzima anayekaribia kustaafu, alisema katika kikao, "Ndugu zangu, mimi niliajiriwa kufundisha jiografia. Darasani mwangu wamo watoto zaidi ya mia. Nikimdunga mtoto sindano akafa, ni nani atakayesimama nami mbele ya polisi?" Hofu hiyo ni ya kweli, wala si ya mtu mbaya. Anayeidharau hajawahi kubeba mtoto wa mtu mikononi. Tena, mtu asiyejua akijifanya anajua ni hatari kuliko asiyejua akakaa kimya.

Hata hivyo, tukiipima hofu ile, twaona imechanganya mambo mawili. Kuamua kiasi cha insulini si kazi ya mwalimu, na hakuna mwenye akili amtakaye aifanye. Insulini ikizidi yaweza kuua, na kiasi chake huandikwa na tabibu. Kutoa sukari ni jambo jingine kabisa. Ukimpa vijiko vichache vya sukari mtoto wa kisukari anayetetemeka, kumbe sukari yake haijashuka, utakuwa umeipandisha kidogo kwa muda, nalo si dhara kubwa. Ukimnyima, kumbe imeshuka, aweza kuanguka kifafa, akazimia, hata akafa kabla gari halijapatikana. Kosa la kumpa ni dogo. Kosa la kumnyima halirudishwi. Mizani ikiwa hivi, mtu hahitaji kuwa daktari ili ajue upande wa kuegemea. Sharti moja tu: aliyezimia asimiminiwe kitu kinywani, maana kitaingia mapafuni. Huyo hulazwa kwa ubavu na kukimbizwa hospitali.

Mwalimu wa jiografia alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na kipimo kikiwapo?" Swali hilo lilitufurahisha kuliko hotuba nyingi.

Basi tuliomba, na muuguzi akaja Jumamosi moja. Hatukukaa walimu peke yetu. Mama mpishi alikuwapo, na mlinzi, na viranja wawili, maana ugonjwa hauchagui saa ya mwalimu wa zamu. Alitufundisha kupima kwa tone la kidole, na kwamba namba ikiwa chini ya 4 katika kipimo chetu, mtoto apewe sukari, angojewe dakika 15, apimwe tena. Alitufundisha harufu ile ya matunda na pumzi ile ya haraka, ambazo tulikuwa tumekwisha kuziona bila kuzijua, na kwamba mtoto mwenye kiu nyingi, mkojo mwingi na kukonda apelekwe kupimwa siku ile ile, hata kama ana malaria. Kazi yote ilichukua asubuhi moja. Tulipokwenda nyumbani hatukusema mengi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akihesabu jinsi kitu kilichomshinda kilivyokuwa kidogo.

Kuhusu joto la huku kwetu tuliuliza, kwa sababu nyumba nyingi hazina jokofu. Akasema chupa ambayo haijafunguliwa yataka ubaridi wa jokofu, lakini ile inayotumika yaweza kukaa nje majuma manne, mradi isipigwe na jua wala isigande. Alitueleza habari za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, ambako joto lilipimwa, na wachunguzi wakaona kwamba insulini iliyowekwa katika joto lililopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 kwa majuma manne haikupoteza nguvu. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2021. Mtungi wa udongo uliolowa maji, uliowekwa kivulini penye upepo, husaidia tena. Bibi zetu Wasukuma waliujua ubaridi wa mtungi kabla hatujazaliwa.

Ile sheria ya ruhusa moja tuliibadili, na hapo tuligombana kidogo. Wako waliosema kwamba ukimruhusu mmoja kula darasani na kutoka apendapo, umeua adabu ya shule. Watoto nao walinung'unika. Mmoja aliuliza waziwazi, "Mwalimu, mbona yeye anakula karanga?" Aliulizwa kama mtoto mwenye miwani avuliwe ili awe sawa na wengine. Akafikiri, akasema hapana. Watoto waliridhika upesi kuliko walimu.

Lakini tulikosea tena, safari hii kwa upande wa huruma. Tulimkataza kukimbia katika michezo ya UMITASHUMTA, tukamketisha kivulini kama yai, naye akalia kuliko siku aliyochekwa. Muuguzi alitukemea. Mtoto akimbie, alisema, ila apime kwanza, ale kitu, na sukari iwe karibu. Alikimbia mita 800, akawa wa tatu.

Sasa yuko darasa la saba. Sukari hukaa mezani mwa mwalimu wa jiografia, ndani ya kopo pamoja na chaki, na adui yake mkubwa ni sisimizi. Karatasi ya hospitali imebandikwa ukutani. Juzi mama yake alikuja, akasimama mlangoni, hakutaka kuketi. Alisema mwaka ujao binti akifaulu atakwenda sekondari ya mbali, ya bweni, nako hakuna amjuaye. "Walimu wangu," akauliza, "huko usiku, nani atamwamsha?" Tulimwandikia mkuu wa shule ile barua, tukatia nakala ya karatasi, tukaomba tupewe siku moja, twende na mama mpishi tukakae na matroni na mlinzi wao. Jibu bado twalingoja.