Neno la Mgonjwa na Neno la Damu

Mtu akisema anaumwa, na damu yake ikasema haumwi, tumwamini nani? Yamkini msomaji atalidhani swali hili ni la madaktari peke yao. Mimi naona ni la kila mwenye mama, mke au jirani, maana majibu ya maabara hayabaki hospitalini. Hurudi nyumbani pamoja na mgonjwa, yakaketi barazani na kuhukumu.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Yako maradhi ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, huushambulia mwili wenyewe, mfano wa mlinzi wa usiku aliyemgeuzia rungu mwenye nyumba. Mojawapo ni ile baridi yabisi inayoshika vidole na vifundo vya mikono yote miwili, vikavimba, na asubuhi vikakataa kukunjika. Joto na uvimbe wa vita hivyo, ambao kamusi zetu huuita mchochota, huacha alama katika damu. Kipimo cha zamani ni chepesi hata mtoto wa darasa la saba angekielewa. Damu iliyotiwa dawa ya kuizuia isigande husimamishwa katika mrija mwembamba kwa saa moja, kisha hutazamwa chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Penye mchochota protini fulani huongezeka, chembe zikashikamana kama sarafu zilizopangwa, zikazama upesi. Edmund Biernacki wa Poland aliliandika jambo hili mwaka 1897. Robin Fåhraeus wa Sweden alilifufua mwaka 1918 akitafuta alama ya ujauzito, na Alf Westergren akaliwekea utaratibu mwaka 1921. Kipimo cha pili, kiitwacho CRP, hupima protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa New York mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia.

Vipimo hivi husema tu kwamba pana moshi; havisemi ni jiko la nani. Kile cha mrija hupanda kwa kifua kikuu, kwa upungufu wa damu, kwa mimba, hata kwa uzee kama huu wangu. Tena wapo watu ambao viungo vyao vimevimba mbele ya macho yetu, na damu yao ikawa shwari kabisa.

Jirani yangu mmoja hapa Mwamgongo, mwanamke wa makamo anayeishi kwa kuanika dagaa, ni wa kundi hilo. Alipanda boti akaenda kupimwa, akaambiwa kwa ufupi: damu yako ni safi, huumwi. Aliporudi, habari ilitangulia kufika ufukweni kabla yake. Wifi zake, waliokuwa wakimgeuzia dagaa alfajiri kwa huruma, wakaacha. Wakasema amechoka kazi, basi. Akaniletea ile karatasi kwa kuwa mimi ni mwalimu.

"Mwalimu, nisomee vizuri. Kama siumwi, hivi vidole ni vya nani?"

Sikuwa na la kumjibu isipokuwa, "Ni vyako, mwanangu."

Mtaalamu aliyesema kwamba damu haikuonyesha mchochota alisema kweli. Aliyesema "huumwi" alitoa ushahidi juu ya jambo ambalo hakuonyeshwa. Kauli hizo mbili hutoka kinywa kimoja, pengine kwa pumzi moja, lakini kati yake pana safari ndefu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hakuna mrija uliowahi kulala kitandani.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, tena nimekuwa mkuu wa chuo, kwa hiyo nazijua alama na ulevi wake. Mwaka 2010 vyama vya madaktari wa viungo vya Marekani na Ulaya vilikubaliana namna ya kuitambua baridi yabisi hiyo kwa mtu mwenye kiungo kilichovimba bila sababu nyingine. Niliposoma nilitabasamu, kwani waliitungia mfano wa mtihani wa alama 10, na anayefikia 6 huhesabiwa kuwa nayo. Viungo vilivyovimba au vinavyouma huleta hadi alama 5, kingamwili maalumu katika damu hadi 3, na ugonjwa uliodumu majuma 6 au zaidi huleta 1. Vipimo vya mchochota nilivyovieleza, vyote viwili kwa pamoja, vimepewa alama 1 tu. Wenye vipimo wenyewe waliviweka mahali pake. Ni sisi huku tuliovifanya kadhi.

Lakini sitaki msomaji akimbilie ng'ambo ya pili akatupe karatasi ziwani. Neno la mgonjwa nalo lina mitego. Anayetumia dawa za kutuliza huweza kujiona mzima ilhali viungo vinaliwa polepole. Na zaidi ya hapo, tazama lugha yetu: ukiulizwa "hujambo?" jibu limekwisha kutayarishwa. Mtu ana homa, ana msiba, atasema hajambo, kwanza, ndipo baadaye aeleze, kama atapewa nafasi. Mwanamke aliyelelewa hivyo hufika mbele ya daktari akasema "sijambo kidogo". Kwa mtu wa namna hiyo damu ndiyo inayothubutu kusema, na ni haki isikilizwe.

Jirani zetu wa kusini ni hifadhi ya Gombe. Jane Goodall alipofika huko mwaka 1960 aliwapa sokwe majina badala ya namba, na wataalamu wengine wakamlaumu. Kuwapa majina hakukumzuia kuangalia, kuhesabu na kuandika, siku baada ya siku.

Binti wa yule mama yuko sekondari. Nilimpa daftari, akalichora safu: tarehe, vidole vilivyovimba, na dakika vilizochukua asubuhi hadi mama aweze kushika kikombe. Ukurasa wa kwanza una siku moja ya dakika 20 na siku tatu za zaidi ya saa nzima. Juma lijalo watalipeleka mjini pamoja na ile karatasi. Wifi mkubwa ameomba aende nao, na nauli yake amejilipia mwenyewe.